Vitamini A isiyo kali usoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mfamasia. Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu kubwa ni kutengeneza krimu na seramu za uso katika chumba kidogo nyuma ya duka, hapa Tanga mjini. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kaunta na kwenye simu karibu kila siku. Mengine nimeyajibu kwa urefu, kwa sababu nyuso nyingi nilizoziona zimeharibika hazikuharibiwa na ugonjwa. Ziliharibiwa na haraka.

Hii vitamini A ya kupaka ndiyo ileile ya matone ya kliniki?

Ni ukoo mmoja. Kila mzazi anamkumbuka muuguzi akikata ncha ya kile kidonge laini na kummiminia mtoto mdomoni. Cha bluu kina uniti 100,000, cha mtoto wa miezi 6 hadi 11. Chekundu kina uniti 200,000, cha mtoto wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano. Mafuta yale ya njano mara nyingi ni retinili palmitati, yaani vitamini A iliyofungwa pamoja na asidi ya mafuta ili itulie isiharibike upesi. Utaikuta hiyohiyo kwenye mafuta ya kupikia yaliyoongezwa virutubisho, na utaikuta kwenye krimu nyingi za uso.

Vitamini hii iligunduliwa mwaka 1913. Elmer McCollum na Marguerite Davis wa University of Wisconsin waliona kwamba panya waliopewa mafuta ya siagi au ya kiini cha yai wanakua, na wale wa mafuta ya nguruwe au ya zeituni wanadumaa. Baadaye ikajulikana kwamba anayeikosa vitamini hii haugui macho tu. Ngozi yake nayo hukauka na kukakamaa, vinyweleo vikatuna vidogovidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Kwa hiyo ngozi na vitamini A wanajuana tangu zamani, kabla hata kiwanda chochote cha vipodozi hakijaichukua.

Basi nikila karoti, mchicha na ini kwa wingi, si inatosha?

Kula, tena kwa raha. Ila chakula hakiendi usoni kwa amri yako. Vitamini A uliyokula huhifadhiwa kwenye ini lako, nalo huitoa kwenye damu kwa kipimo. Ukizidisha, ziada haigeuki kuwa uso laini, inarundikana na mwishowe ni sumu. Tafadhali usimeze vidonge vya vitamini A kwa ajili ya ngozi bila daktari, hasa kama wewe ni mwanamke unayeweza kushika mimba.

Mnaposema vitamini A "isiyo kali" mnamaanisha nini hasa?

Hili ndilo swali lenye uzito wote, nami hulijibu kwa mfano wa mahindi.

Seli ya ngozi haili mahindi. Inakula ugali. Ugali kwetu hapa ni asidi ya retinoiki, umbo pekee la vitamini A linaloweza kuongea na kiini cha seli. Mengine yote ni hatua za kuufikia ugali huo. Retinili palmitati na ndugu zake, retinili asetati na retinili propionati, ni mahindi ya kwenye gunia: yanakaa vizuri ghalani, lakini yana safari ndefu. Retinoli ni mahindi yaliyokwisha kukobolewa. Retinali, ambayo wengine huiita retinaldehaidi, ni unga. Imebaki hatua moja tu.

Wanaofanya kazi hiyo ya kukoboa, kusaga na kusonga ni vimeng'enya vilivyomo ndani ya ngozi yako mwenyewe. Kimoja hufungua gunia na kuitoa retinoli. Kingine huigeuza kuwa retinali. Cha tatu huimaliza iwe asidi ya retinoiki. Hapa mfano wangu unapungua kidogo, kwa sababu retinali inaweza kurudi kuwa retinoli, na retinoli inaweza kufungwa tena kwenye gunia ikasubiri. Asidi ya retinoiki hairudi. Ugali ukishasongwa umesongwa, na ukibaki ngozi ina vimeng'enya vingine vya kuuondoa.

Sasa angalia tofauti. Tretinoini, ambayo ndiyo asidi ya retinoiki yenyewe ikiwa kwenye tyubu, ni sufuria zima la ugali unaomiminiwa seli usiku mmoja, iwe ina njaa au haina. Retinoli na retinali zinaiachia ngozi isonge kiasi inachokiweza. Hapo ndipo upole unapotoka. Haumaanishi dawa iliyozimuliwa. Maana yake ni kwamba mwenye jiko ameachiwa jiko lake.

Ikishafika kwenye seli inafanya nini?

Asidi ya retinoiki hubebwa na protini maalumu hadi ndani ya kiini cha seli, ikashikana na vipokezi viitwavyo RAR, ambavyo hufanya kazi viwili viwili pamoja na vipokezi vya RXR. Vipokezi vya kwanza vya RAR vilitambuliwa mwaka 1987 na maabara mbili, ya Pierre Chambon huko Strasbourg, Ufaransa, na ya Ronald Evans huko California. Kila moja ilifanya kazi kivyake, zikafika mahali pamoja. Kabla ya hapo watu waliona matokeo bila kujua mlango ulipo.

Vipokezi hivyo vikiamshwa, jeni kadhaa huwaka na nyingine huzimwa. Seli za juu hujifanya upya kwa mpangilio na kuacha kugandana ndani ya vinyweleo, na kule kugandana ndiko mwanzo wa chunusi. Rangi iliyorundikana mahali pamoja husukumwa nje mapema na kutawanyika. Chini zaidi, kwenye dermisi, kolajeni, yaani protini inayoikaza ngozi, hutengenezwa zaidi, na vile vimeng'enya vinavyoamshwa na jua ili kuikatakata kolajeni hutulizwa.

Wengi huniambia, "Dada, inatoa ngozi ya juu ndiyo maana inang'arisha." Siyo hivyo. Kubabuka ni usumbufu wa njiani, wala siyo kazi yenyewe. Ile sehemu hai ya ngozi ya juu huwa nene zaidi kwa retinoidi, yaani dawa za ukoo huu wa vitamini A, haiwi nyembamba. Ukiona mtu anajisifu kwamba uso wake unabanduka kama ganda la kitunguu na anasema "dawa inafanya kazi", mwonee huruma.

Kama inakwenda taratibu hivyo, kuna ushahidi kwamba inasaidia?

Upo, ingawa haulingani kwa kila mmoja wa ukoo huu, na napenda mteja ajue hivyo kabla hajatoa pesa.

Tretinoini ndiyo iliyochunguzwa kuliko zote. Ilipata kibali cha kutibu chunusi Marekani mwaka 1971, kwa kazi ya daktari Albert Kligman wa University of Pennsylvania. Wagonjwa wa makamo wakaanza kumwambia kwamba mikunjo nayo imelainika. Mwaka 1986 yeye na wenzake wakaandika kuhusu ngozi iliyozeeshwa na jua, na mwaka 1995 krimu ya tretinoini ikapewa kibali kwa kazi hiyo. Siwezi kulitaja jina la Kligman nikaishia hapo. Kuanzia 1951 hadi 1974 alifanyia majaribio wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, wengi wao watu weusi, na mwaka 2021 shule ya tiba ya chuo hicho iliomba radhi. Tunayoyajua leo juu ya dawa hizi yana deni kwa wanaume wale, na mtu mweusi anayepaka krimu hii usiku anastahili kulijua.

Kwa retinoli, watafiti wa University of Michigan, Marekani, walionyesha katikati ya miaka ya 1990 kwamba inaikuza ngozi ya juu kama inavyofanya tretinoini, bila ule wekundu mwingi. Mwaka 2007 wakachapisha utafiti ninaoupenda sana: wazee 36, wastani wa umri miaka 87, walipakwa losheni ya retinoli ya 0.4% mkono mmoja na losheni tupu mkono wa pili, hadi mara tatu kwa wiki, kwa wiki 24. Mkono wa retinoli ulipungua mikunjo midogo, na kolajeni changa ikaongezeka. Miaka 87! Ngozi ya bibi yangu ingeweza kusikia vitamini hiyo.

Retinali nayo ina tafiti nzuri, nyingi zikitoka Geneva miaka ya 1990, na ngozi huivumilia vyema. Retinili palmitati ndiyo dhaifu kuliko zote, na sioni haya kusema hivyo ingawa nami huitumia. Ni nzuri kwa ngozi inayolalamikia kila kitu. Kumbuka pia kwamba karibu nusu ya uzito wake ni ile asidi ya mafuta, siyo vitamini.

HPR ni kitu gani? Chupa imeandikwa 2%, wewe unaniambia ni 0.2%.

HPR ni haidroksipinakoloni retinoati. Huyu ni mtoto wa pembeni katika ukoo. Hapiti njia ya gunia na mashine ya kukoboa, kwa sababu ametengenezwa kutokana na asidi ya retinoiki yenyewe iliyounganishwa na aina ya alkoholi. Kwenye vipimo vya maabara hushika vipokezi vya RAR moja kwa moja, hata hivyo wengi hawamwoni mkali usoni. Huvumilia hewa na mwanga kuliko retinoli. Upungufu wake ni kwamba tafiti kwa watu wengi na kwa muda mrefu bado ni chache, kwa hiyo mimi humtaja kwa matumaini, siyo kwa kiapo.

Kuhusu namba: malighafi inayouzwa kwa jina la Granactive Retinoid ina HPR 10% tu, iliyobaki ni kiyeyushi. Chupa iliyoandikwa 2% ya malighafi hiyo ina HPR 0.2%. Si uongo, ni hesabu ya mchanganyiko mzima. Ndiyo maana usilinganishe asilimia ya chupa hii na ya chupa ile kama unavyolinganisha bei za nyanya. Retinali ya 0.05%, retinoli ya 0.3% na HPR ya 0.2% ni vitu vitatu tofauti. Geuza boksi usome orodha ya viungo: ukiona Retinyl Palmitate, Retinol, Retinal au Hydroxypinacolone Retinoate, sasa unajua kila mmoja anasimama wapi.

Ngozi yangu ni nyeusi. Kwa nini unasisitiza sana upole kwangu?

Kwa sababu ngozi yetu inaweka kumbukumbu. Ikiwaka, ikichubuka, ikiungua hata kidogo, seli za melanini huamka na kumwaga rangi pale pale, na doa hukaa miezi. Mwenye ngozi nyeupe akibabuka kwa tretinoini hubaki mwekundu wiki mbili, yakaisha. Sisi tunabaki na ramani.

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja kwangu na tyubu ya tretinoini ya 0.1% aliyoletewa na ndugu yake kutoka nje. Alikuwa na madoa manne ya chunusi shavuni, akataka yaondoke kabla ya harusi ya mdogo wake. Alipaka kila usiku, kwa wingi, na asubuhi alisugua magamba kwa kitambaa. Alipoondoa mtandio nikaona: kuzunguka mdomo na pembe za pua ngozi ilikuwa imeng'aa kama plastiki, imepasuka vijistari, na kandokando weusi ulikuwa umeanza kutanda. Yale madoa manne sikuyaona tena ndani ya mengine. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada, nilidhani ikiuma ndiyo inatibu."

Tulisimamisha kila kitu wiki sita. Mafuta ya mgando usiku, losheni ya kuzuia jua mchana, basi. Kisha retinali ya 0.05%, usiku mbili kwa wiki. Ilichukua karibu miezi minane.

Simlaumu tretinoini. Mwaka 1993 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Michigan kwa wagonjwa weusi wenye madoa yaliyoachwa na uvimbe wa ngozi. Kwa wiki 40 tretinoini ya 0.1% iliyafifisha madoa kuliko krimu tupu. Lakini karibu nusu ya walioipaka walipata muwasho na wekundu wa kutosha kutajwa, ingawa ulipungua kadiri utafiti ulivyoendelea. Hao walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari. Wewe uko peke yako mbele ya kioo cha bafuni. Kwa ngozi nyeusi kutoiwasha ngozi ni sehemu ya tiba yenyewe.

Hii si mkorogo mwingine tu? Inachubua?

Hapana. Na hili linanikera kiasi kwamba naomba mnisikilize vizuri.

Mkorogo hufanya kazi kwa haidrokwinoni, kwa steroidi kali, na wakati mwingine kwa zebaki. Haidrokwinoni inazuia rangi isitengenezwe, steroidi inaikondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana, zebaki inaingia mwilini na kuumiza figo. Retinoidi hazifanyi hata moja kati ya hayo. Hazigeuzi rangi uliyozaliwa nayo. Zinachofanya ni kusawazisha pale palipopishana, doa lirudi kufanana na shavu.

Ila kuna sababu watu wanachanganya. Mwaka 1975 Kligman huyohuyo alitangaza mchanganyiko wa haidrokwinoni, tretinoini na steroidi kwa ajili ya madoa, dawa ya kutumiwa na daktari kwa muda mfupi. Michanganyiko ya aina hiyo, mingine bila hata kutaja vilivyomo, ndiyo inayouzwa leo vichochoroni kama "krimu ya kung'arisha siku saba". Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na mwenzake wa Kenya, KEBS, hawaruhusu haidrokwinoni wala zebaki kwenye vipodozi. Krimu isiyo na orodha ya viungo, au inayoahidi weupe, usiiguse hata kama pembeni imeandikwa "vitamini A".

Na kama ulikuwa kwenye mkorogo, usiruke kuja kwenye retinoli wiki hiyohiyo. Ngozi iliyozoea steroidi huwaka ikiachishwa. Mwone daktari wa ngozi kwanza.

Nianzeje?

Usiku. Nawa uso kwa sabuni laini, ukaushe kwa kuugusisha taulo bila kusugua, subiri dakika kumi hivi ngozi iwe kavu kabisa, kwa sababu ngozi yenye maji hunyonya haraka zaidi na kuchonyota. Kamua kiasi cha punje moja ya njegere. Punje moja kwa uso mzima, mdogo wangu, siyo kwa shavu moja. Gawanya nukta tano: paji la uso, mashavu mawili, pua, kidevu. Tandaza. Kope, pembe za pua na pembe za mdomo zipake mafuta ya mgando kabla, hapo ndipo uso huchanika kwanza.

Ukiwa na ngozi kavu au nyepesi kulalamika, paka losheni yako ya kawaida kwanza, kisha retinoidi, kisha losheni tena. Inapunguza makali bila kuua kazi.

Usiku mbili kwa wiki kwa wiki tatu. Ikikubali, usiku tatu. Kisha siku moja ndiyo, siku moja hapana. Wengi hawahitaji kufika kila usiku, na sijui kwa nini watu wanaona kama ni mashindano. Ukienda Njombe au Nairobi mwezi wa Julai, baridi kavu ile, rudi nyuma hatua moja. Hapa pwani joto na unyevu vinatusaidia.

Wiki ya tatu sasa, chunusi zimezidi! Niache?

Tazama zimetoka wapi. Kama ni vipele vidogo pale pale ulipozoea kupata chunusi, vinavyoiva na kupona haraka, ni zile zilizokuwa zimejificha chini zinapandishwa pamoja. Vumilia, kwa kawaida hupita ndani ya wiki nne hadi sita. Kama vimetoka mahali ambapo hujawahi kuwa na chunusi, au uso unawaka ukipaka hata maji, au umekuwa mwekundu na kung'aa, huo ni muwasho. Acha, tuliza na mafuta ya mgando wiki mbili, kisha anza upya na kilicho dhaifu zaidi.

Krimu yangu ilikuwa ya njano hafifu, sasa imekuwa kahawia. Bado inafaa?

Haifai. Imekufa.

Molekuli ya retinoli ina vifungo vitano vya jozi vinavyofuatana kwa kupishana. Vifungo hivyo ndivyo vinavyoipa rangi ya njano, na ndivyo vinavyonasa mwanga na kuliwa na hewa. Ukitaka kuelewa kwa nini krimu nzuri ni ghali, njoo uone inavyotengenezwa. Retinoli inanifikia ikiwa imeyeyushwa kwenye mafuta ya soya, katika chupa ya alumini. Nazima taa nyeupe, nawasha ya njano. Maji na mafuta ya krimu yanachanganywa yakiwa na nyuzi 75, kisha nasubiri. Naweka kipimajoto, nasubiri tena. Hadi kishuke chini ya 40 ndipo naifungua ile chupa, nikaongeza retinoli pamoja na vitamini E na BHT za kuilinda dhidi ya hewa. Nakoroga polepole, kijiko kisitoe povu, maana kila kipovu ni hewa iliyofungiwa ndani pamoja nayo. Halafu naijaza kwenye tyubu za alumini siku hiyohiyo. Mara moja, siku za mwanzo, niliacha bakuli dirishani nikaenda kuswali na kula. Niliporudi juu palikuwa na utando wa rangi ya chai, na harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyochacha. Kazi ya asubuhi nzima niliimwaga.

Viwanda vikubwa hufanya zaidi: huifungia retinoli ndani ya vifuko vidogo mno vya mafuta au vya sukari maalumu, ambavyo huilinda na kuiachia kidogokidogo. Hapo upole unakuja mara mbili, kwanza wa molekuli, pili wa kifuko.

Kwako wewe mnunuzi: nunua tyubu ya alumini au chupa ya kubonyeza isiyoingiza hewa. Kopo la mdomo mpana linalofunguliwa kila usiku, hapana. Seramu iliyokaa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la Kariakoo tangu Ramadhani iliyopita, hapana, hata wakikupunguzia bei. Usiiache kwenye gari. Ukishafungua, imalize ndani ya miezi michache.

Lazima nipake ya kuzuia jua?

Lazima, hata ngozi iwe nyeusi kiasi gani. Retinoli yenyewe huvunjwa na mwanga, ndiyo maana ni ya usiku, na katika wiki za mwanzo ngozi huwa nyepesi kuungua. Jua la ikweta ndilo lililoweka madoa hayo. Ukiitoa rangi usiku na kuirudisha mchana utakuwa unateka maji kwa pakacha. Chagua yenye SPF 30 au zaidi, paka kwa wingi, vaa na kofia au mtandio. Pale Moshi hutengenezwa losheni ya jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao si suala la urembo bali la kutopata saratani. Jua lao na letu ni moja.

Nina mimba, au natafuta. Naweza kutumia hata ile isiyo kali?

Acha. Isotretinoini ya kumeza, retinoidi ya vidonge vya chunusi, inajulikana kuharibu viungo vya mtoto tumboni, na ingawa ya kupaka huingia kidogo sana kwenye damu, hakuna doa la uso linalostahili kubahatisha. Tumia asidi ya azelaiki, muulize daktari wako. Ukiwa unanyonyesha, ongea naye pia kabla ya kuanza.

Naweza kuchanganya na vitu vingine?

Vitamini C asubuhi, retinoidi usiku, sawa. Niasinamidi, aina ya vitamini B3, ni rafiki yake mkubwa, hutuliza. Asidi za kubandua ngozi, kama ya glikoliki, usizipake usiku mmoja nayo katika miezi ya mwanzo. Benzoili peroksidi huiharibu tretinoini na retinoli zikikutana, ipake asubuhi. Adapalini ndiyo inayostahimili kuwa nayo pamoja. Hiyo ni retinoidi ya maabara kwa ajili ya chunusi, ambayo tangu 2016 Marekani huuza ya 0.1% bila cheti cha daktari. Kwa kijana mwenye chunusi nyingi ningemwanzia hapo kabla ya retinoli.

Bakuchioli wanasema ni retinoli ya mimea?

Si vitamini A kabisa. Inatoka kwenye mbegu za mmea wa babchi na umbo lake ni tofauti. Kuna utafiti wa watu 44 kwa wiki 12 uliokuta bakuchioli ya 0.5% mara mbili kwa siku ikikaribiana na retinoli ya 0.5%, tena ikiwasha kidogo kuliko retinoli. Watu 44 ni wachache. Kama retinoidi zote zimekukataa, ijaribu.

Nimesikia Ulaya wameizuia retinoli. Ni hatari?

Hawakuizuia, wameiwekea kikomo. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024, bidhaa za uso zisizidi 0.3% ya retinoli au kiasi kinacholingana nayo cha retinili asetati au palmitati, na losheni za mwili zisizidi 0.05%. Bidhaa mpya zilianza kubanwa Novemba 2025, na za zamani zitaondoka rafuni Mei 2027. Sababu ni ile niliyoigusa kwenye ini na karoti: wanaokula vitamini A nyingi wasiongezewe nyingine kupitia ngozi ya mwili mzima. Mimi naikubali. 0.3% usoni inatosha watu wengi, na losheni ya mwili mzima yenye retinoli nyingi sijawahi kuona haja yake.

Nitaona mabadiliko lini, na nikiacha itakuwaje?

Ulaini wa ngozi, wiki nne hadi nane. Chunusi, miezi mitatu. Madoa, miezi minne hadi mwaka, kutegemea yamezama kiasi gani. Mikunjo midogo, miezi sita na kuendelea. Makovu yaliyobonyea na keloidi, usitegemee, hayo yana tiba zake. Piga picha siku ya kwanza, dirishani, saa ileile, bila vipodozi, kisha kila mwisho wa mwezi, maana kioo cha kila siku kitakukatisha tamaa.

Ukiacha hakuna uraibu wala uso kuharibika ghafla kama kwenye steroidi. Ngozi hurudi polepole kwenye mwendo wake wa zamani. Yule mwalimu aliacha kwa miezi kadhaa alipojifungua, kisha akaanza tena kwa usiku mbili kwa wiki, punje moja ya njegere.